Je, wajua kwa nini jani la mgomba hubabuliwa kabla ya kufunikia ndizi?

Mtoto wa Karagwe, mkoani Kagera, akitumwa jani la kufunikia sufuria, harudi na jani lolote tu. Akileta lililochanika, bibi atamrudisha: “Mjukuu wangu, hilo la ukingoni upepo umeshalila. Ingia katikati ya kibanja.”

Bibi anajua anachokitafuta huko kibanjani, kwenye shamba la migomba. Mishipa midogo ya jani la mgomba imelala sambamba, kutoka kwenye uti wa katikati hadi pembeni, na ndiyo maana hupasuka kwa mistari iliyonyooka. Kwa mgomba wenyewe hiyo ni kinga. Mgomba si mti. Kinachoonekana kama shina ni sehemu za chini za majani zilizofumbatana, na jani likishachanika upepo hupenya bila kuung'oa wote. Kwa mpishi ni hasara, kwa sababu palipopita upepo mvuke nao utapita.

Jani zima likifika jikoni, uti wake mnene hupunguzwa kwa kisu, kisha hupitishwa taratibu juu ya moto. Hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Rangi iliyofifia hugeuka kijani kibichi kinachong'aa, kana kwamba jani limepakwa mafuta: ni nta iliyo juu yake inayeyuka. Wakati huohuo maji yaliyokaza chembe zake yanapungua, na kitu kilichokuwa kikivunjika kwa kukunjwa kinalegea kama kitambaa. Likikosa kubabuliwa litapasuka kwenye mdomo wa sufuria, na kazi yote imeharibika.

Kwenye mafiga, maharage yatakayopikwa pamoja na ndizi yametangulia zamani. Katika vilima vya Karagwe na Kyerwa vyenye kimo cha mita 1,500 hivi, maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 au karibu yake, wala si 100 kama pwani, kwa hiyo maharage huchukua muda mrefu zaidi kuiva. Ndizi hazina tatizo hilo; wanga wake huanza kunywa maji na kulainika kwenye nyuzijoto 70 tu. Zimemenywa zikiwa mbichi, kwa mikono iliyopakwa mafuta ili utomvu usigande vidoleni, zikatiwa majini zisiwe nyeusi, maana kimeng'enya kilichomo ndani yake huanza kazi mara tu kinapokutana na hewa. Sasa zinapangwa juu ya maharage. Za chini zitachemka, za juu zitaiva kwa mvuke, na mvuke huo unalindwa na jani lililochomekwa pembeni kote. Mvuke ukipanda, unagusa jani, unakuwa matone na kurudi chini. Jani nalo linaacha harufu yake ndani ya chakula, harufu ambayo mfuniko wa bati hauna.

Duniani kote watu wamehangaika kuufunga mvuke na utamu ndani ya chakula. Waitaliano hufunga nyama au jibini ndani ya tambi mbichi, wakitegemea gluteni ya ngano inayovutika bila kukatika. Ndizi haina gluteni, lakini mmea wake una jani. Ng'ambo ya mpaka wa Murongo, Uganda, Waganda wamelifikisha mbali kwa luwombo: nyama au mchuzi wa karanga hufungwa ndani ya jani lililobabuliwa, likakazwa kwa kamba ya mgomba na kupikwa kwa mvuke. Kwangu mimi, hicho ni kifurushi kisichopungukiwa na chochote mbele ya kile cha Italia.

Ndizi zikiiva haziwekwi. Zamani jani jingine lilitandazwa chini, chakula kikamwagwa juu yake kikifuka moshi, familia ikakizunguka. Haraka hiyo ina sababu: wanga uliolainika ukipoa hujipanga upya na kukaza, na kuupasha moto hakuurudishi kikamilifu ulivyokuwa. Nyumba nyingi leo hutumia sahani na hotpoti, na hotpoti inafanya kazi ileile ya kuchelewesha ubaridi.

Safari ya kukata jani, hata hivyo, imeingiwa na hatari ambayo mabibi wa zamani hawakuijua. Mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria uligunduliwa Kagera mwaka 2006, baada ya kuonekana Uganda mwaka 2001. Majani huwa ya njano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na shina likikatwa hutoa ute wa njano. Bakteria hao husafiri na utomvu, hivyo kisu kilichokata jani kwenye mgomba mgonjwa kinaweza kuuambukiza mzima ulio jirani. Inanisikitisha kwamba jani la kufunikia mlo mmoja linaweza kumaliza kibanja. Kisu hutakaswa kwa dawa ya klorini au kwa moto, na moto uko palepale jikoni. Mjukuu anayetumwa leo hupitisha kisu kwenye miali hadi kipate joto kali kabla ya kutoka, na anapohama kutoka shina moja kwenda jingine, hurudi kukipitisha tena.