Safari ya Kamba za Mitini Ipangwe kwa Mwenye Hofu

Familia ikiamua kwenda kwenye michezo ya kamba juu ya miti, mazungumzo huanzia kwenye kiingilio na nauli, kisha huchaguliwa njia itakayomfurahisha yule mtoto asiyeona ukuta bila kuuparamia. Mpango huo umeanzia upande usiofaa. Anayestahili kupangiwa safari hii ni yule atakayetaka kushuka mapema: mtoto mwenye mikono mifupi, shangazi anayeshikwa na kizunguzungu, au baba ambaye hajawahi kumwambia mtu kwamba akiwa juu magoti humtetemeka. Wala sisemi hivyo kwa huruma tu, kwani michezo yenyewe imejengwa kwa namna inayodai mpango wa aina hiyo.

Njia ya kamba ni majukwaa yaliyofungwa kwenye vigogo vya miti, na kati ya jukwaa moja na jingine kuna kizuizi: magogo yanayoning'inia, wavu wa kuparamia, vibao vilivyoachana, au waya mmoja wa kukanyaga na mwingine wa kushika. Mpandaji hufungwa mikanda kiunoni na mapajani, na kwenye mikanda hiyo huning'inia kamba mbili fupi zenye kulabu za chuma zinazoshikizwa kwenye waya wa usalama. Akifika jukwaani huhamisha kulabu ya kwanza, huhakikisha imejifunga, ndipo aguse ya pili, ili asipitishe hata sekunde moja akiwa hana kinachomshikilia. Mifumo mipya imepunguza nafasi ya kukosea: kulabu moja haifunguki mpaka nyingine iwe imeshika waya, au roda moja huteleza kwenye waya tangu ngazi ya kwanza hadi mwisho bila kufunguliwa kabisa. Ulaya ina hata kiwango rasmi cha ujenzi na uendeshaji wa njia hizi, EN 15567. Lakini waya huo mara nyingi hupita juu ya kichwa, na mtoto asiyeufikia hawezi kujihamisha mwenyewe. Ndiyo maana mlangoni hupimwa kimo, na mzazi anayeuliza umri tu amekosa nusu ya jibu. Tena njia huenda upande mmoja, na kwa kawaida kizuizi hubeba mtu mmoja kwa wakati. Akiganda mmoja katikati, wote walio nyuma yake husimama, na kumshusha ni kazi ya mwongozaji aliyefundishwa uokoaji, si ya kaka yake anayempigia kelele kutoka jukwaa la mbele. Mwendo wa familia nzima, basi, ni mwendo wa anayekwenda polepole kuliko wote.

Afrika Mashariki hofu hiyo inaweza kupimwa hatua kwa hatua kabla ya kufika kwenye kamba zenyewe. Katika Hifadhi ya Ziwa Manyara kuna madaraja ya kuning'inia yenye urefu wa mita 370, yanayoanzia karibu na ardhi na kupanda taratibu hadi mita 18, yakiwa na wavu pande zote mbili. Ngare Ndare, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, njia ya namna hiyo ina takriban mita 450 na huishia kwenye jukwaa linalotazama maji wanakokunywa tembo na nyati. Daraja la Nyungwe, Rwanda, lililofunguliwa mwaka 2010, ni jambo jingine: bonde liko zaidi ya mita 50 chini ya miguu. Aliyevuka Manyara akiwa ameng'ang'ania kamba kwa mikono miwili amekwisha kutoa taarifa muhimu, na asipelekwe wiki ijayo kwenye ziplaini za msitu wa Kereita, Kenya, kwa sababu tu binamu zake wanazitaka.

Wapo watakaosema hofu haitoki bila kusukumwa. Hoja hiyo ina historia ya kweli, kwani michezo hii ina asili ya mazoezi ya kijeshi. Georges Hébert, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, alikuwa miongoni mwa walioeneza mazoezi ya vizuizi mwanzoni mwa karne ya 20, na shule za Outward Bound, zilizoanza Wales mwaka 1941 na baadaye kufika Loitokitok chini ya Kilimanjaro, ziliamini sana ugumu. Hata hivyo, Project Adventure, taasisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1971 na kuziingiza kamba hizi katika shule za kawaida, ilijenga kazi yake juu ya kanuni kwamba mshiriki huchagua mwenyewe atafika wapi. Hao waliwafundisha watoto wa kila aina, si mabaharia waliochujwa, na ushahidi wao ndio unaoifaa familia. Wengine watauliza kwa nini kulipia miti ilhali watoto wetu hupanda miembe bure. Swali ni la haki. Ila juu ya mwembe mtoto hupima tawi mwenyewe na hugeuka anapotaka. Kwenye kamba hugeuki, na uzima wako uko kwenye vifaa vya mtu mwingine. Kwa hiyo unapopiga simu, uliza nani hukagua waya kila asubuhi, ni kulabu za aina gani, uzito wa mwisho ni kilo ngapi, na mvua ya radi ikija fedha hurudishwa au siku hubadilishwa.

Mavazi nayo yaamuliwe nyumbani. Buibui halikai chini ya mikanda ya mapajani, hivyo mama anayelivaa avae suruali pana na kanzu fupi, mtandio ubanwe ndani ya kola usije ukanaswa na roda. Viatu vifunike vidole, pete na bangili zibaki nyumbani. Mtoto jasiri hatapoteza kitu mkigawanyika makundi mawili, mradi wawepo watu wazima wawili. Katika kundi la njia fupi, mtu mzima atangulie, mwenye hofu afuate, mtu mzima mwingine akipatikana afunge nyuma. Mwenye hofu naye aambiwe mapema, kabla ya kuondoka nyumbani, kwamba kwenye njia fupi ya mazoezi iliyo karibu na ardhi bado anaweza kuvua mikanda na kwenda kukaa na bibi kwenye benchi.