Mkaa Uliokolea Ndio wa Kuogopwa

Mvua za masika zinapoanza kunyesha hapa Mwanza, jiko la mkaa huhama. Lililokuwa uani chini ya mwembe huingizwa koridoni, na koridoni kukijaa majiko ya wapangaji wengine, huingizwa chumbani. Sababu zipo na zote zinaeleweka. Mvua huzima moto, jiko likiachwa nje usiku huibwa, maharage bado hayajaiva na mkaa ni ghali, tena upepo wa ziwani alfajiri una ubaridi wake, hasa kwa mwenye mtoto mchanga. Basi mlango hufungwa, dirisha huzibwa kwa nailoni ili matone yasiingie, na watu hulala. Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jiko hilo, kwa sababu wapo wanaolala nalo wasiamke tena.

Ndugu msomaji, tatizo si kwamba watu wetu hawaogopi moshi. Wanauogopa sana. Ukipita Mabatini, Igogo au Kirumba saa za jioni utaona akina mama wakiwasha jiko nje, wakilipepea kwa kipande cha katoni, na kungoja mpaka moshi wote uishe. Mkaa ukishakolea, ukawa mwekundu na safi, ndipo jiko huingizwa ndani. Kila mtu anaamini kwamba hatari imebaki nje pamoja na moshi. Imani hiyo ndiyo inayoua. Moshi unaowasha macho na kukohoza hukufukuza mwenyewe chumbani. Kinachoua hakionekani, hakinuki, hakiwashi macho, na hutoka kwa wingi katika ule mkaa uliokolea vizuri.

Wataalamu huiita hewa hiyo kaboni monoksaidi. Tuone inavyozaliwa. Hewa huingia kwa mlango mdogo wa chini wa jiko, ikakutana na mkaa unaowaka, na hapo hutokea kaboni dayoksaidi, ile ile tunayoitoa tunapopumua. Lakini hewa hiyo inapopanda na kupita katikati ya makaa mengine mekundu, hubadilika kuwa kaboni monoksaidi. Ikifika juu na kukuta hewa safi ya kutosha, huungua. Umewahi kuona ulimi wa moto wa buluu ukichezacheza juu ya mkaa? Huo ndio sumu hiyo ikiteketea. Sasa fikiria tunavyofanya usiku ili mkaa udumu: tunafunga mlango wa jiko na kufukia makaa kwa majivu. Ule moto wa buluu unazimika, lakini hewa yenyewe inaendelea kutoka, safari hii bila kuungua, na inajaa chumbani taratibu kwa saa nyingi. Jiko linaonekana limelala, kumbe liko kazini.

Mwilini inafanya nini? Chembe nyekundu za damu kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka kwenye ubongo, moyo na viungo vingine. Kaboni monoksaidi hushikamana na chembe hizo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Ni kama abiria aliyekalia kiti cha daladala na akakataa kushuka. Magari yapo, barabara ipo, lakini oksijeni haina pa kukaa. Mtu anaendelea kupumua kama kawaida huku ubongo wake ukikosa hewa. Aliye macho hupata kizunguzungu na miguu ikamwishia nguvu kabla hajaufikia mlango. Aliyelala hahisi lolote.

Hata hivyo hewa hii mara nyingi hutoa onyo kabla ya kuua, na onyo lenyewe ndilo tunalolisoma vibaya. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mwili kuchoka na mawazo kuchanganyika. Mkazi wa kanda hii ya ziwa akiamka na dalili hizo atasema nini? Malaria. Atanunua dawa, atameza, na usiku atarudi kulala katika chumba kile kile, na jiko lile lile. Kwa hiyo naomba tujifunze kutofautisha. Malaria kwa kawaida huja na homa. Hewa ya mkaa haileti homa. Malaria haiwashiki watu wote wa chumba kimoja asubuhi moja. Hewa ya mkaa huwashika wote, pengine na kuku aliyelazwa mvunguni. Malaria haipungui kwa kutoka nje. Mwenye kudhuriwa na mkaa akikaa uani huanza kupata nafuu, na akirudi ndani hali hurudia. Ukiona mambo hayo matatu, usitafute mbu. Tafuta jiko.

Yupo pia wa kumtazama kwanza. Mwaka 1896 mwanasayansi wa Uingereza, John Scott Haldane, alionyesha kwamba wachimbaji wengi waliokufa baada ya milipuko katika migodi ya makaa ya mawe hawakuuawa na mlipuko, bali na hewa hii. Alishauri wachimbaji washuke na viumbe wadogo, ambao hupumua haraka na hivyo huzidiwa mapema. Waingereza waliendelea kushuka migodini na ndege wadogo ndani ya vitundu mpaka mwaka 1986. Katika nyumba zetu ndege huyo ni mtoto mchanga, maana naye hupumua haraka kuliko sisi. Na mama mjamzito anabeba mwingine aliye hatarini zaidi, kwa kuwa hewa hii humfikia mtoto tumboni na kuchelewa kumtoka.

Msiba ukitokea, huku kwetu unaongezwa msiba mwingine. Ndugu wawili wakikutwa wamekufa kitandani, hawana jeraha, mlango umefungwa kwa ndani, mtaa haukosi maneno. Mmoja atasema wamelishwa sumu, mwingine atasema wamerogwa, na kidole kitamwelekea bibi fulani au mpangaji wa chumba cha pili. Jiko lililo pembeni ya kitanda, likiwa na majivu yaliyopoa, halishtakiwi na mtu. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kabla ya kumnyooshea mtu kidole, tutazame kwanza kilichokuwa kinawaka usiku ule.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Njombe, Makete na Mbeya kwenye baridi kali, si ya Mwanza. Ni kweli kwamba huko watu huota moto chumbani mwezi wa sita na wa saba, na habari za vifo hivyo tumezisoma mara nyingi. Lakini hewa hii haijali baridi. Inachohitaji ni moto na chumba kilichofungwa. Hata nchi tajiri hazikusalimika. Huko Marekani na Kanada, ambako wako ndugu zetu wengi, nyumba hupashwa joto kwa tanuru, mara nyingi la gesi, lililo chini ya nyumba. Moto wake huwaka ndani ya chuma, moshi ukapelekwa nje kwa bomba, na feni ikasukuma hewa ya joto vyumbani. Chuma hicho kikipasuka, au bomba likizibwa na theluji au kiota cha ndege, kaboni monoksaidi huingia vyumbani. Ndiyo maana wenyeji humwita fundi alikague kabla ya majira ya baridi, wakaangalia masizi na moto uliogeuka njano, na ukutani wakaweka kengele inayolia hewa hiyo inapozidi.

Desemba 2006 upepo mkali ulikata umeme katika eneo la Seattle, Marekani, na matanuru yakazimika. Watu wakawasha jenereta karibu na nyumba, na wengine wakaingiza majiko ya mkaa ndani. Zaidi ya watu 200 waliugua na 8 wakafa. Wengi wa walioathirika kwa mkaa walikuwa wahamiaji, wakiwamo Wasomali, watu waliozoea jiko kama sisi tulivyolizoea, ila sasa wako katika nyumba zilizojengwa zisipitishe upepo. Gazeti la Seattle Times lilitoa onyo ukurasa wa kwanza kwa lugha kadhaa, Kisomali kikiwamo. Mapokeo yale yale ya nyumbani yaligeuka mauti kwa sababu nyumba ilibadilika. Na hapa Mwanza nyumba zinabadilika pia. Nyumba ya udongo na nyasi ilikuwa na matundu mengi. Chumba cha tofali, chenye dari na dirisha la kioo, hakina.

Sasa tufanyeje? La kwanza halina mjadala: usilale na jiko lenye makaa chumbani, hata likifukiwa majivu, hata dirisha likiachwa wazi kidogo. Likitoka kupika, litoke nje. Beseni la maji linalowekwa kando ya jiko halisaidii, maana hewa hii karibu haiyeyuki majini. Jenereta nalo likae nje, mbali na dirisha na mlango, si koridoni wala stoo ya duka.

La pili, jiko lenyewe litunzwe. Ondoa majivu kila siku yasizibe matundu ya kitako, na kama udongo wa ndani umepasuka au mlango wa hewa umekwama, lipeleke kwa fundi. Jiko linalopumua vizuri hupika upesi, hula mkaa kidogo na hupunguza sumu, ingawa haliwi salama kwa kulala nalo. Kwa wenye gesi, ambao wanaongezeka tangu serikali ilipozindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, dalili ni rangi ya moto. Buluu ni afya. Moto ukiwa wa njano na sufuria ikishika masizi, matundu yameziba. Zima, safisha au mwite fundi.

La tatu, ukimkuta mtu amezidiwa, fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa safi, kisha litoe jiko. Usimnyweshe maziwa, sumu hii haiko tumboni, iko kwenye damu. Mpeleke hospitali haraka apewe oksijeni. Kwa hewa ya kawaida sumu hiyo huchukua kiasi cha saa 4 hadi 6 kupungua kwa nusu; kwa oksijeni ya hospitali ni karibu saa moja au moja na nusu. Na mwambie daktari waziwazi kwamba chumbani kulikuwa na mkaa, kwa sababu kile kifaa kinachobanwa kidoleni hakiwezi kuitofautisha hewa hii na oksijeni, na kitaonyesha kwamba mgonjwa yu mzima.

Neno langu la mwisho ni kwa wenye nyumba. Mpangaji wa chumba kimoja akiambiwa asiingize jiko ndani, ana haki ya kuuliza alipeleke wapi mvua ikinyesha. Nguzo nne na mabati machache uani vinatosha kuwa jiko la wapangaji wote, na mlango wenye kufuli utazuia wezi. Kodi tunapokea kila mwezi. Kibanda hicho hujengwa mara moja. Viongozi wa mitaa wanaopita nyumba kwa nyumba kukagua vyoo, nawaomba waulize pia: je, usiku jiko linalala wapi?