Kunakili Msimbo na Kurudia Kazi: Mizani ya Kompaila katika Lugha za Fanksheni

Kompaila ni programu inayogeuza maandishi ya mtunzi wa programu kuwa amri zinazotekelezwa na kompyuta. Mojawapo ya mbinu zake za kuongeza kasi ni upachikaji, yaani kuondoa jina la fanksheni pale inapoitwa na kuweka mahali pake mwili wa fanksheni yenyewe. Mbinu hii ina uzito wa pekee katika lugha kama Haskell, ambayo taarifa yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1990, kwa kuwa programu zake hujengwa kwa fanksheni nyingi ndogondogo.

Uchukuliwe mfano wa mfanyabiashara wa Butembo anayenunua bidhaa kwa dola na kuziuza kwa faranga za Kongo katika maduka yake ya Butembo, Beni na Lubero. Fanksheni inayozidisha bei kwa kiwango cha ubadilishaji ina mstari mmoja tu. Ikipachikwa katika hesabu za maduka yote matatu, msimbo hauongezeki kwa kiasi cha kujali, na gharama ya kuiita huondoka. Lakini fanksheni ya mistari 200 ikipachikwa mahali 10 huzaa mistari 2,000. Programu huvimba, na kasi iliyotafutwa huweza kupotea.

Hatari ya pili imejificha zaidi. Ichukuliwe kuwa kiwango hicho ni wastani wa viwango vya siku 365, nacho kimetajwa mara moja tu, ndani ya fanksheni inayokokotoa bei ya kila bidhaa kati ya bidhaa 1,000. Kwa macho, kukipachika hakuna hasara, maana msimbo haurefuki. Kumbe wastani uliokuwa ukikokotolewa mara moja sasa hukokotolewa mara 1,000. Kutajwa mara moja katika maandishi si sawa na kutendwa mara moja.

Simon Peyton Jones na Simon Marlow, katika makala yao ya mwaka 2002, walieleza jinsi kompaila ya Haskell iitwayo GHC inavyokabili hatari hizo. Huchunguza kila jina limetajwa mara ngapi, na iwapo limo ndani ya fanksheni inayoweza kuitwa tena na tena. Fanksheni inayotajwa mahali pengi hupimwa ukubwa wake dhidi ya faida inayotarajiwa. Thamani yenye hesabu nzito huachiwa jina lake, ili ikokotolewe mara moja na matokeo yatumiwe na wote. Palipo na fanksheni zinazoitana kwa mzunguko, mojawapo huteuliwa isipachikwe, ili upachikaji usiendelee bila kikomo.

Kwa hiyo urefu wa msimbo peke yake si kipimo cha kutosha. Kabla ya kuliondoa jina, kompaila haina budi kujua pia ni kazi gani jina hilo linaizuia isirudiwe.