Tarishi Aliyezibwa Kinywa

Mpwa wangu hukimbia kila siku baada ya swala ya alfajiri, na arejeapo, jasho lingali likimchuruzika, hutia katika bilauri ya maji kidonge cha vitamini C cha miligramu 1000, akakitazama kikifoka povu mpaka kikayeyuka, kisha akayanywa maji yale ya rangi ya chungwa kwa mkupuo mmoja. Asubuhi moja aliniuliza, “Mjomba, hiki ni bora ninywe kabla ya mbio au baada yake?” Nilimwomba muhula, kwa kuwa nilishuku kwamba swali lake limeliruka swali jingine lililostahiki kutangulia, nalo ni kama kidonge chenyewe kina faida yoyote kwa mtu anayejizoeza.

Asili ya desturi hii ni hoja iliyo nyepesi kuaminika. Oksijeni tuivutayo ndiyo inayounguza chakula katika mitokondria, yale matanuru madogo yaliyomo ndani ya seli, na msuli unapofanya kazi huruka cheche. Wataalamu huziita radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenziwe, ambazo kwa uchu wa kumpata mwenzi huyo huwanyang’anya majirani: utando wa seli, protini, hata DNA yenyewe, mfano wa kutu ilapo chuma. (Zamani ilidhaniwa kwamba takriban cheche zote za msuli hutoka katika matanuru hayo, siku hizi kidole huelekezwa zaidi kwa vimeng’enya vilivyo katika utando wa msuli.) Vitamini C na E huzitolea cheche hizo elektroni kwa hiari, zikazimika, na kwa kazi hiyo zimepewa jina la antioksidanti.

Mwaka 1982 Kelvin Davies na wenzake, katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, waliwakimbiza panya mpaka wakaishiwa nguvu, wakapima misuli na maini yao, wakakuta dalili za radikali huru zimezidi mara mbili hadi tatu. Habari hiyo ilienea, na wenye kuuza vidonge hawakuhitaji kuambiwa mara mbili: ikiwa mazoezi huzaa kutu, basi mwanamichezo na anunue cha kuizuia. Walakini katika makala ile ile Davies na wenzake waliongeza dhana ambayo wachache waliijali, kwamba huenda radikali hizo ndizo zinazouchochea mwili wa mwenye kujizoeza kuunda mitokondria mpya. Yaani kile kilichodhaniwa kuwa adui kilikuwa pia tarishi, aliyetumwa kuupasha mwili habari kwamba kazi imekuwa nzito na matanuru yaliyopo hayatoshi.

Ilichukua zaidi ya robo karne dhana hiyo kupimwa sawasawa. Mwaka 2008 watafiti wa Valencia, Hispania, waliwapa vitamini C panya waliokuwa wakizoezwa kukimbia. Panya waliozoezwa bila vitamini waliongeza muda wao wa kustahimili mbio kwa asilimia 186. Waliopewa vitamini, kwa asilimia 26 tu. Wanaume 14 wa utafiti huo huo waliojizoeza kwa wiki 8, baadhi yao wakimeza gramu moja kwa siku, hawakuonyesha tofauti ya kuthibitika, lakini matokeo ya panya yalitosha kuwatia watu shaka. Mwaka uliofuata, huko Ujerumani, Michael Ristow na wenzake waliwafanyisha mazoezi vijana wa kiume wapatao 40, siku 5 kwa wiki kwa muda wa wiki 4. Nusu yao walimeza kila siku miligramu 1000 za vitamini C pamoja na yuniti 400 za vitamini E. Waliojizoeza bila vidonge, miili yao iliitii insulini vizuri zaidi kuliko hapo kwanza, na vimeng’enya vyao vya kujikinga viliongezeka. Waliomeza vidonge walitoa jasho lile lile, lakini faida hizo hawakuzipata.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo panapostahili kukawiwa. Mwili si chuma kinachongoja kupakwa rangi. Tangu mwaka 1969, Joe McCord na Irwin Fridovich walipokigundua kimeng’enya kinachoitwa superoksidi dismutasi, imejulikana kwamba tumeumbwa na vizimamoto vyetu wenyewe, nalo zoezi, kwa kuzirusha cheche kidogo kidogo, huvifunza vizimamoto hivyo kazi na kuviongeza idadi. Anayemwaga maji kwenye cheche kila alfajiri huuacha mwili bila sababu ya kujifunza. Tarishi amefika mlangoni na barua mkononi, naye mwenye nyumba amemziba kinywa, akidhani ni mwizi.

Insafu hata hivyo yanitaka niseme kwamba si kila kipimo kimetoa hukumu kali namna hiyo. Mjini Oslo, mwaka 2014, watu 54, wanaume kwa wanawake, walijizoeza kwa wiki 11; waliomeza vitamini C na E hawakupata ongezeko la protini za mitokondria lililoonekana kwa wenzao, ilhali uwezo wao wa kukimbia na kutumia oksijeni ulipanda sawasawa. Msuli ulikuwa umepoteza kitu, lakini saa ya mkononi haikukiona.

Na yale maumivu ya misuli yanayomfanya mtu ashuke ngazi kwa kushika ukuta siku ya pili baada ya mazoezi? Mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2017 yalikusanya tafiti 50 zenye watu 1089, yakaona kwamba nafuu iletwayo na antioksidanti, ikiwapo, ni ndogo mno kiasi cha mtu kutoihisi. Upande wa pili, wakimbiaji 20 wa mbio za London waliogawanywa, wengine wakanywa maji ya matunda ya cheri na wengine kinywaji cha kufananisha, walitofautiana: wale wa cheri walirudiwa na nguvu upesi zaidi. Jambo hili halipingani na yaliyotangulia, kwa maana siku ya mashindano mtu hajifunzi, bali hutumia alichokwisha kujifunza.

Kipimo nacho chafaa kutazamwa. Mwanamume mzima huhitaji miligramu 90 hivi za vitamini C kwa siku na mwanamke 75, na pera moja la kiasi humtosha yeyote kati yao. Kidonge cha 1000 ni zaidi ya mara kumi. Wala wingi hauna amani daima: nchini Finland, wavutaji sigara waliopewa vidonge vya beta karotini, antioksidanti iliyotarajiwa kuwakinga, walipatwa na saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa, kama ilivyotangazwa mwaka 1994.

Nilimrudia mpwa wangu na jibu: si kabla wala si baada, katika miezi ya kujizoeza aviweke vidonge vyake kando, ale mapera. Aliniuliza atafanya nini na makopo mawili aliyokwisha nunua, kisha akajijibu mwenyewe kwamba atayahifadhi mpaka apatwe na mafua. Sikuwa na budi kumkatisha tamaa mara ya pili. Ni kweli kwamba katika tafiti tano za watu 598 wenye kujitesa kwa mazoezi mazito, wakiwamo wakimbiaji wa marathoni na askari waliokuwa katika baridi kali, vitamini C ilipunguza mafua kwa takriban nusu. Lakini hao walikuwa wakiimeza kila siku kabla ya kuugua, hawakuanza baada ya chafya ya kwanza.

Alicheka, akaniachia kopo moja. Lingali juu ya meza ninapoandika, halijafunguliwa.