Uzi wa bandi ndani ya moyo

Usiku wa tarehe 11 Februari 1973, watazamaji wa televisheni ya NBC nchini Marekani walioneshwa jaribio la mauaji ambalo silaha yake hufika hospitalini ikiwa safi, imefungwa kwenye pakiti, na kila siku huokoa watu. Silaha yenyewe ni uzi.

Kipindi kilikuwa Columbo, kilichopewa jina la mpelelezi wake, na sehemu ya usiku ule iliitwa "A Stitch in Crime", jina linalocheza na methali ya Kiingereza kuhusu mshono mmoja unaowahi kuokoa tisa. Sisi tungesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Daktari bingwa wa upasuaji wa moyo, Barry Mayfield, anafanya utafiti pamoja na mkubwa wake kazini, Dk. Hidemann. Wanatafuta dawa ya kuuzuia mwili usiukatae moyo uliopandikizwa. Mzee anataka majaribio yaendelee taratibu. Kijana anataka matokeo yatangazwe kabla hajatangulia mwingine. Mara mzee anaugua, valvu ya moyo wake inahitaji kubadilishwa, na anayeshika kisu ni Mayfield. Anapasua vizuri, anaweka valvu vizuri, anashona vizuri. Ila anashonea uzi unaoyeyuka. Mgonjwa akifa baada ya siku chache, watu watasema moyo wa mzee ulikuwa umechoka, na pole zote zitamwendea daktari aliyejitahidi.

Mayfield anaigizwa na Leonard Nimoy, yule wa masikio yaliyochongoka katika Star Trek, na utulivu wake humu unatisha kuliko bunduki. Mtindo wa Columbo ni kumwonesha mtazamaji muuaji tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna haja ya kukisia ni nani. Kilichonikalisha mimi mbele ya runinga ni swali jingine: hili jambo linawezekana?

Fundi cherehani wa Kariakoo anaweza kutuanzishia jibu. Kabla ya kushona gauni hupiga bandi, yaani mishono mirefu, milegevu, ya kuvishikilia vitambaa viwili visikimbiane. Kisha hupitisha mshono wenyewe kwa mashine, na bandi huifumua akaitupa. Uzi unaoyeyuka mwilini ni bandi. Mshono wenyewe hushonwa na mwili, kwa nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni ambazo chembe za mwili huzisuka kutoka ukingo mmoja wa jeraha hadi wa pili. Kazi hiyo ni ya polepole kuliko tunavyodhani. Mwisho wa wiki ya kwanza jeraha la ngozi huwa halijafikia hata sehemu moja ya kumi ya uimara wa ngozi nzima. Baada ya miezi mitatu hukaribia asilimia 80, na hapo ndipo hukomea. Kovu haliwi ngozi tena.

Kwa hiyo swali la mshonaji hospitalini huwa ni la muda: mwili utahitaji bandi hii kwa siku ngapi? Mama aliyejifungua kwa upasuaji huondoka na tabaka kadhaa za mishono, na mara nyingi huuliza mbona hajaambiwa arudi lini kutolewa nyuzi za ndani. Hazitolewi. Mfuko wa uzazi hupona haraka, na uzi wake ukishamaliza kazi hujiondokea bila kuaga. Uzi wa ngozi ya nje, ukiwa ni wa kutoyeyuka, ndio unaohesabiwa: "nimeshonwa nyuzi saba," husema mtu, na baada ya siku kadhaa nesi huziondoa moja moja.

Kwa karne nyingi bandi ya madaktari ilitengenezwa kwa utumbo wa kondoo au ng'ombe. Waingereza waliuita uzi huo utumbo wa paka, ingawa hakuna paka aliyehusika. Mwili huuona uzi huo kama nyama ngeni na kuutafuna kwa vimeng'enya, vilevile tumbo linavyosaga mchuzi wa maini. Tatizo ni kwamba kasi ya kutafuna hutofautiana kwa kila mgonjwa, na mahali penye usaha uzi huisha mapema zaidi. Watengenezaji waliulowesha katika chumvi za kromiamu ili uchelewe kidogo. Mwaka 1970 ukaja uzi wa kwanza wa kuyeyuka wa maabara, uitwao Dexon, uliotengenezwa kwa asidi ya glikoliki iliyounganishwa kama shanga katika uzi mmoja mrefu. Huu hautafunwi. Maji ya mwilini hupenya na kukata kifundo kimoja kimoja kati ya shanga na shanga, mpaka mnyororo wote unakuwa vipande, vipande vinakuwa asidi, na mwisho kabisa hutoka kama hewa ya kaboni na maji. Mwendo wa kemia hiyo unatabirika: baada ya wiki mbili au tatu, uzi wa namna hii huwa umebaki na kama nusu ya nguvu zake.

Hapo ndipo mwandishi wa tamthilia alipotulaghai kidogo. Mayfield anategemea valvu ilegee katika siku chache, wakati hesabu ya uzi wa maabara ni ya wiki. Namsamehe. Kipindi kina dakika zisizotimia 80, na Columbo hawezi kukaa mwezi mzima kwenye korido akitafuta mahali pa kukung'utia majivu ya sigara.

Lakini kuhusu moyo wenyewe mwandishi hakukosea. Valvu ya bandia huzungukwa na pete ya kitambaa, na daktari huishonea kwenye moyo kwa mishono 12 hadi 15 hivi, kila mmoja ukiwa na uzi imara wa poliesta uliosukwa, mara nyingi ukiegemea kipande kidogo cha kitambaa kizito ili usiichane nyama. Nyama ya moyo hukua na kuingia katika kitambaa kile, lakini hukua ikiwa inatikiswa. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga zaidi ya mara 100,000 kwa siku, na kila pigo huivuta ile pete. Jeraha la mguu unaweza kulipumzisha kitandani. Moyo haupewi ruhusa. Ndiyo maana hapa bandi haifai. Madaktari hutumia uzi wa kudumu na kuuacha humo mpaka mwenyewe atakapozikwa nao.

Uzi ukilegea, valvu haiangukii kifuani kama kitasa kibovu. Mshono mmoja au miwili huachia kwanza, kunatokea upenyo pembeni mwa pete, na damu iliyokwisha kusukumwa mbele inarudi nyuma. Mgonjwa anakosa pumzi akilala chali, miguu inavimba, na daktari akiweka kipimo chake kifuani anasikia mvumo ambao jana haukuwepo. Upenyo ukipanuka, pete nzima huanza kuyumba. Leo kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoingizwa kupitia koo kingeuonesha upenyo huo kwa rangi, na Mayfield angekuwa na kazi kubwa ya kujieleza. Mwaka 1973 kipimo cha namna hiyo kilikuwa bado kichanga, kikichora mistari tu kwenye karatasi. Sikio ndilo lililotegemewa.

Msomaji wa hapa asidhani valvu ni habari za matajiri wa Los Angeles. Kwetu wanaohitaji kubadilishiwa valvu wengi ni vijana, na chanzo mara nyingi ni koo. Mtoto anaugua tonsesi zinazoletwa na bakteria aina ya streptokoka, hatibiwi au anatibiwa nusunusu, na kinga ya mwili wake, katika kumshambulia mdudu, inaushambulia pia moyo wake. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Ikirudi mara kwa mara, valvu huwa ngumu au hupoteza umbo na kuvuja. Sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, huizuia isirudi. Ni dawa ya bei ndogo mno ukiilinganisha na upasuaji wa kufungua kifua. Upasuaji huo sasa hufanyika Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, wakati zamani rufaa nyingi zilikuwa za India. Na mwenye valvu ya chuma hunywa dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote, akipimwa damu mara kwa mara, maana dozi ikizidi atavuja damu na ikipungua valvu itaziba.

Turudi chumba cha upasuaji. Kasoro kubwa ya mpango wa Mayfield haikuwa uzi. Ilikuwa nesi. Daktari bingwa hajichotei vifaa mezani kama mtu anayejipakulia wali. Kuna muuguzi anayefungua pakiti, anayesoma lebo, anayeweka sindano tayari na kuitia mkononi mwa daktari. Huyo hujua uzi kwa macho na kwa vidole: uzito wake, ukwaru wake, jinsi unavyokaza fundo. Katika tamthilia hii ni Sharon Martin, anayeigizwa na Anne Francis, na ndiye anayeshuku kwamba uzi alioushika sio uliostahili. Anaamua kuupeleka kwa mtaalamu wa kemikali. Mayfield anamuua kwenye maegesho ya magari, kisha anatega mofini nyumbani kwake ili ionekane ni mambo ya dawa za kulevya.

Nakiri kwamba hapa ndipo hasira huniingia kila ninapoiangalia. Mpelelezi wa kwanza wa kesi hii aliifumbua peke yake, bila koti lililokunjamana la Columbo, bila kumuuliza mtu maswali ya kumchosha, halafu kipindi kinamwondoa mapema ili mwanaume apewe nafasi ya kuifumbua upya. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, mojawapo ya mambo iliyoyataka ni kwamba kabla mgonjwa hajatoka chumbani, muuguzi athibitishe kwa sauti kuwa vifaa, pamba na sindano zimehesabiwa na hesabu imekamilika. Sharon hakuwa na orodha. Alikuwa na vidole.

Na ile dawa waliyoigombania? Hiyo ndiyo sehemu iliyokaribia ukweli kuliko watazamaji wa 1973 walivyoweza kujua. Miaka mitano hivi kabla, tarehe 3 Desemba 1967, Christiaan Barnard alimpandikizia Louis Washkansky moyo wa mtu mwingine huko Cape Town. Washkansky aliishi siku 18 akafa kwa nimonia, kwa sababu dawa za kuizuia kinga isiukatae moyo ziliizuia pia isipambane na vijidudu. Mwaka uliofuata hospitali nyingi duniani zilijaribu, wagonjwa wengi wakafa, na nyingi zikaacha. Norman Shumway wa Stanford alikuwa miongoni mwa wachache walioendelea. Lakini mjini Basel, Uswisi, katika maabara za kampuni ya Sandoz, kulikuwa na kuvu iliyotolewa kwenye udongo wa nyanda za juu za Hardangervidda nchini Norway, na mwaka 1972 watafiti waligundua kwamba kitu inachokitoa hutuliza kinga bila kuiangamiza. Kiliitwa siklosporini. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 1983, na upandikizaji ukafufuka.

Miaka 11 ilipita katikati, na haikuwa ya uvivu. Wagonjwa wa kwanza waliopewa dawa hiyo, Cambridge mwaka 1978, walionesha kwamba inaumiza figo, jambo ambalo wanyama wa maabara hawakulionesha waziwazi. Ilibidi dozi ipunguzwe na kutafutwa upya, mgonjwa kwa mgonjwa. Yule mzee Hidemann aliyetaka kwenda taratibu alikuwa na hoja.

Tukirudi kwenye tamthilia, ushahidi wenyewe ulipatikana kwa namna ninayoipenda zaidi. Columbo anamwambia Mayfield waziwazi kwamba mzee akifa, mwili utapasuliwa na uzi utatazamwa. Ghafla Mayfield anakuwa na sababu ya kumrudisha mgonjwa mezani kwa dharura, autoe uzi wa kuyeyuka na kuweka wa kudumu. Anamwokoa mtu aliyetaka kumuua. Polisi wanaingia wakipekua kila kitu, trei, ndoo, nguo, daktari mwenyewe, na hawaoni kitu. Columbo anaondoka kichwa chini. Halafu anarudi. Kumbe katika purukushani, Mayfield aliposogeleana naye kwa hasira, aliutumbukiza uzi mahali pekee ambapo hakuna askari angepekua: mfukoni mwa vazi la hospitali alilokuwa amevaa Columbo.

Na mfukoni ni pakavu. Uzi wa kuyeyuka wa maabara hufungwa katika pakiti zisizopitisha unyevu kwa sababu maji ndiyo kazi yake na ndiyo mwisho wake. Ungebaki kifuani mwa mzee, ndani ya miezi michache usingebaki hata unyuzi wa kumwonesha hakimu. Ndani ya kitambaa kikavu, ungeweza kumngoja Mayfield kwa muda wowote aliotaka.