Sharubati ya choya: kiburudisho cha joto, si dawa ya kuongeza damu

Kaskazi inapoanza kuvuma na joto la Pwani kupanda, maswali kuhusu choya hutujia kwa wingi studioni. Mawili hujirudia: sharubati yake inatengenezwaje ili ikae, na je, ni kweli inaongeza damu?

Tuanzie jikoni.

Choya, au rozela, tunaiita maua, ingawa ua lenyewe hunyauka mapema na kuanguka. Kinachokaushwa na kuuzwa sokoni ni lile ganda nene jekundu linalobaki likizunguka mbegu. Misri na Sudan kinywaji chake huitwa karkade.

Mahitaji

Choya kavu vikombe 2, maji lita 1, sukari kilo 1, kipande cha tangawizi, iliki 4 na karafuu 3.

Namna ya kutengeneza

Suuza choya upesi kuondoa vumbi. Chemsha maji pamoja na viungo, tia choya, iache ichemke dakika 5, kisha epua na ufunike kwa nusu saa. Chuja kwa kitambaa safi. Rudisha jikoni, tia sukari, koroga mpaka iyeyuke na sharubati ichemke tena. Imimine ingali ya moto kwenye chupa za kioo ulizozichemsha.

Epuka sufuria ya alumini. Choya ina asidi, na asidi huila alumini ikaingia kwenye kinywaji. Sufuria ya stili ni salama zaidi.

Sukari nyingi hapa si kwa ajili ya utamu tu. Ndiyo inayozuia sharubati isiharibike haraka. Hata hivyo, iweke kwenye friji. Kama huna friji, tengeneza kidogo, ya kumaliza siku chache. Ukiona povu au ukisikia harufu ya pombe, mwaga.

Wakati wa kunywa, changanya sehemu 1 ya sharubati na sehemu 5 za maji safi ya baridi.

Na damu je?

Wekundu wa choya unatokana na rangi ya mmea iitwayo anthosianini. Hauna uhusiano na damu. Mama mjamzito aliyeambiwa kliniki kwamba damu yake ni pungufu aendelee na vidonge vya madini ya chuma alivyopewa. Asiviache kwa sababu ya glasi ya choya. Upungufu wa damu unaweza pia kuletwa na malaria au minyoo, na hayo hayatibiwi kwa sharubati.

Tafiti zimeonyesha kuwa choya inaweza kushusha shinikizo la damu kwa kiasi. Kwa hiyo anayetumia dawa za presha amuulize daktari kabla ya kuinywa kila siku. Mwenye kisukari naye aikumbuke ile kilo ya sukari.

Wengine, karibuni glasi.