Kasri la Kew: nyumba ya kifalme yenye asili ya ugenini

Ndani ya bustani za Kew, magharibi mwa London, ipo nyumba nyekundu ya matofali, ndogo kuliko makasri yote ya kifalme ya Uingereza. Hata hivyo haikujengwa kwa ajili ya mfalme. Mwenyewe alikuwa Samuel Fortrey, mfanyabiashara ambaye ukoo wake ulitoka Flanders, ng'ambo ya bahari, naye aliijenga mwaka 1631.

Katika karne ya 16 Waprotestanti wengi wa Flanders walikimbilia Uingereza kuepuka mateso ya kidini. Walikuja na biashara zao, ufundi wao na namna yao ya kuutazama uzuri, na athari ya ugeni huo inasomeka ukutani.

Mafundi wa Kiingereza walizoea kulaza safu nzima ya matofali kwa urefu, kisha safu ya juu yake wakayageuza yote, vichwa vikitazama nje. Kew ni tofauti. Katika kila safu tofali moja limelazwa kwa urefu na linalofuata limeonyesha kichwa, zamu kwa zamu. Tofali la kichwa huingia ndani ya ukuta na kuushika, ili uso wake usiachane na kiini. Mpango huo Waingereza waliuita wa Flanders, na nyumba hii ni miongoni mwa mifano yake ya mwanzo nchini humo.

Juu, ukuta wa mbele unaishia kwa vilele vitatu vyenye mapindo ya duara. Kwa sababu hiyo nyumba iliitwa ya Kiholanzi. Wekundu wake wa sasa ni chokaa iliyotiwa rangi ya udongo, iliyopakwa upya katika ukarabati uliokamilika mwaka 2006, kwa kufuata rangi ya awali.

Mwaka 1728 Malkia Caroline aliikodi nyumba hiyo. Baadaye Mfalme George wa Tatu aliuguzwa humo, na mkewe, Malkia Charlotte, akafariki humo mwaka 1818.

Kufikia wakati huo mpango wa Flanders ulikwisha kuwa desturi ya nyumba za Kiingereza, na wengi hawakumbuki tena kwamba jina lake ni la kigeni. Lakini juu ya mlango wa Kew, herufi za Fortrey na mkewe zingali zimefungwa pamoja kwa fundo, na mwaka wao: 1631.